Kifundo Kilichoandikwa Kimepona

Fundi cherehani alivunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za sokoni, na daktari bingwa akamtia skrubu mbili. Mfupa uliunga vizuri, lakini kano zilibaki zimelegea. Kila alipokanyaga pedali ya cherehani, mguu ulipinda. Aliporudi kulalamika, daktari alicheka mbele ya wanafunzi wake.

"Mama, mguu mzima. Kinachoyumba ni kichwa chako."

Maneno yale hayakumtoka. Miezi minane baadaye, muuguzi aliyekuja kupimwa gauni alimnong'oneza kwamba daktari ameandika utafiti: wagonjwa ishirini, wote wamepona kabisa, naye fundi akiwemo. Fundi akafunga duka, akaanza kuwasaka wale aliokuwa akikaa nao kwenye benchi la kliniki.

Siku daktari aliposoma utafiti wake mbele ya wakubwa wa hospitali, watu tisa kati ya wale ishirini, fundi akiwa mmoja wao, waliingia ukumbini wakichechemea, wakakaa mstari wa mbele. Fundi akasimama.

"Daktari, tupime hapa hapa. Tusimame kwa mguu mmoja, ule ulioutibu, wakubwa wahesabu."

Hakuna aliyefikisha sekunde tano. Mkurugenzi akadai mafaili yote, na wiki haikuisha kabla utafiti haujafutwa na daktari kusimamishwa kazi.

Daktari huyo alimkuta fundi kwenye korido, akisubiri kupangiwa upasuaji mwingine kwa daktari mpya.

"Mama, umenimaliza."

"Ndicho nilichokuja kufanya," fundi akamjibu, akaunyoosha mguu wake mbovu juu ya benchi, akamtazama mpaka alipotokomea.