Mkwe wa Minago na Nchi ya Visiwa

Hery aliponipigia simu kuniomba niwe mshenga wake huko Burundi, nilimwambia atafute ndugu yake. Akajibu kwamba ndugu zake wote wako Madagaska, na barani humu mtu aliyekula naye chumvi ni mimi. Tulikuwa jirani hapa Kigoma, mimi nikipika sabuni ya mawese, yeye akitengeneza mashine za kukamulia, kabla hajahamia Rumonge. Mshenga hachaguliwi kwa sura, huchaguliwa kwa ulimi, na ulimi Mungu amenijalia. Nikafunga begi.

Nilivuka mpaka wa Manyovu asubuhi. Upande wa pili, Mugina, nilisalimiwa "amahoro" nikaitikia "amahoro" kwa kujigamba, na Kirundi changu kikaishia hapo. Gari lilishuka na vilima vya Mabanda, migomba huku na huku, mpaka Nyanza-Lac ziwa likatokea mkono wa kushoto. Ziwa hilohilo nimeoga tangu utotoni, lakini siku ile nililitazama kama mgeni, na nikaona haya kidogo kwamba sikuwahi kujiuliza wanaishi vipi watu wanaolitazama kutoka huku.

Mchana nilifika Rumonge, mji unaonukia mawese kuliko hata mimi. Hery alikuwa akinisubiri, akanipeleka kwa pikipiki hadi nyumbani kwake Kizuka, katikati ya michikichi. Ukutani alikuwa amechora kwa mkaa ramani ya bahari mbili. Mwanzo wake ni Madagaska, ikapita Indonesia, Malaysia na Ufilipino, ikaenda hadi visiwa vya mwisho vya Pasifiki. Aliniambia watu wote hao lugha zao zina babu mmoja, wataalamu huziita za Kiaustronesia, na siku moja watakuwa nchi moja.

Nikamtania, nikamuuliza rais atakaa kisiwa gani. Akajibu bila kucheka kwamba mji mkuu utakuwa meli, ikizunguka kisiwa hadi kisiwa, ili asiwepo wa kujivunia ikulu. Alikwisha kulifikiria hadi bendera.

Jioni alikuja Masera Luz, mtawa Mfilipino anayetibu watu kwenye zahanati ya mjini, ambaye alikubali kusimama kama shangazi wa bwana harusi. Walianza mchezo wao. Hery akisema jiwe ni vato, masera anasema kwao ni bato. Moto ni afo kwa huyu, apoy kwa yule. Mbingu ni lanitra, ni langit. Bahari nzima iko kati yao na bado wanapokezana maneno kama mtu na dada yake.

Kisha tukazungumza la kesho. Baba wa binti, Mzee Melkiori wa Minago, alikwisha kukataa mara moja. Alikuwa ametoka uhamishoni Tanzania baada ya miaka mingi, akajiapiza kwamba hatamwona tena mtoto wake akiishi ugenini. Odeta, bintiye, alimsihi awasikilize mara ya pili, na mzee akasema ya pili ndiyo ya mwisho. Akikataa kesho, Odeta hatamvunjia baba yake heshima, na mambo yamekwisha.

Asubuhi tulielekea Minago, barabara ikifuata ufuko, baiskeli zikitupita na magunia ya mihogo. Masera alishika kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Hery alisema ni zawadi ya heshima ya kwao, na mimi kwa ujuaji wangu sikuuliza ni nini.

Tulikaa pande mbili tukitazamana, kama desturi ya kuposa inavyotaka. Nilisema nimesikia nyumba hii ina mche mzuri na sisi tuna shamba. Mjomba wa binti akajibu kwamba miche ni mingi Burundi, tumevuka mpaka kwa nini. Watu walicheka, pombe ya ndizi ikaletwa, mrija ukazunguka. Nikajiona nimeshinda. Ndipo Hery alipoinuka, akapiga goti mbele ya Mzee Melkiori na kufunua kikapu. Ndani mlikuwa na nyama, sehemu ya nyuma ya kondoo, mkia wake ukiwa juu.

Mrija ukawekwa chini. Kwao Hery, sehemu hiyo hupewa mzazi wa binti, na kijana asiyeitoa hana adabu. Kwa wazee wa ukoo ule wa Minago, nyama ya kondoo hailiwi kabisa, na kumpelekea mkwe ni kumwambia kwamba humhesabu kuwa mtu. Mjomba alikwisha kusimama. Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza ulimi wangu ukaniacha.

Mzee Melkiori alimwashiria mjomba akae. Akamuuliza Hery ni nani kamfundisha kuleta kitu hicho. Hery akaeleza, kisha kwa hofu akayamwaga yote, ramani, meli na nchi ya visiwa, akamaliza kwa kusema kwamba watu wanaoliita jiwe kwa neno moja hawawezi kurushiana mawe.

"Sisi hapa tuko na neno moja kwa kila kitu," mzee alisema polepole, "kutoka Kirundo mpaka Nyanza-Lac. Na mimi nilizeekea mu kambi sababu ya watu wenye nilikuwa nasikia kila neno lao. Sasa uniambie. Mu ile inchi yako, mutu mwenye hakulaka kondoo, mutamupa nini?"

Hery aliinamisha kichwa. Nilimwombea apate jibu zuri, hata la uongo.

"Sijui, baba," alisema. "Sikuwahi kumfikiria mtu huyo."

"Basi umuulize. Iko mbele yako."

"Baba, unakula nini?"

"Mukeke. Wa kuchoma."

Hery akatoka na suti yake, akashuka ufukoni, akarudi na samaki wale wembamba mkononi na magamba kwenye tai. Aliwachoma mwenyewe uani, moshi ukimliza, huku Odeta akichungulia dirishani na kujizuia asiende kumsaidia. Ile nyama ya kondoo walipewa majirani waliokimbia kutoka Kivu ya Kusini, nao wakashukuru sana. Mzee alikula samaki mmoja hadi mifupa. Kisha akanawa, akamwita binti yake, akamuuliza mbele yetu kama anawajua watu hawa. Odeta akasema anawajua, ndiyo kukubali kwenyewe, na masera akapiga kigelegele cha Kifilipino ambacho nadhani alikibuni hapohapo.

Kesho yake nilianza safari ya kurudi, na Mzee Melkiori alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza kama ni samaki waliombadilisha moyo, au ile nchi.

"Ile inchi siiamini," alisema. "Nilimupa mutoto sababu alisema hajui. Wale wenye walitufukuza, bwana, wote walikuwa wanajua."

Nilifika Kigoma giza likiingia. Hapa kwetu hatupungukiwi na wahubiri wa umoja, wa lugha, wa dini, wa Afrika nzima, na zamani niliwapigia makofi mapema. Siku hizi nasubiri kwanza nisikie kama kuna lolote wasilolijua.