Mama Cheche na Shemeji Anayekosoa Mageti Yake

Saa mbili asubuhi, Mama Cheche amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yake, chaki mkononi, akichora geti kwa ukubwa wake halisi. Kila akimaliza mkunjo anarudi nyuma na kukunja uso. Anamsubiri mtu ambaye yeye mwenyewe anakiri kumwonea wivu.

Mtu huyo ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mama Cheche ndiye aliyemfundisha kuchomelea, miaka tisa iliyopita.

"Alikuja hajui hata kushika msumeno wa chuma," anasema. "Leo wateja wanapita mlangoni kwangu wakiulizia kwake. Mwaka jana alitengeneza mageti thelathini na moja, mimi kumi na mawili. Hata mama yangu mzazi geti lake kaagiza kwake."

Kwa muda mrefu, shemeji akitokea, Mama Cheche alikuwa akitupia turubai juu ya mchoro wake. Kisha wateja wawili wakarudisha mageti yaliyolala upande na kuburuzika chini. Shule ya chekechea ilipompa kazi ya geti, aliingiwa na hofu.

"Nyani haoni kundule," mama yake alimwambia. "Mwite mwenzio akutazamie."

Alimeza uchungu, akampigia simu.

Shemeji aliuzunguka mchoro mara mbili.

"Maua haya mimi siyawezi, shemeji," alisema. "Lakini vyuma umevilaza kama ngazi, na juu kuna mikuki. Watoto watapanda."

Mama Cheche anakumbuka alivyoishika nyundo. "Nilitamani kumfukuza. Si kwamba alikosea. Aliona kwa dakika mbili nilichoshindwa kukiona kwa siku tatu."

Aliufuta mchoro kwa soli ya kiatu. Vyuma akavisimamisha, juu akaweka upinde. Siku ya kulifunga geti shuleni, mwalimu mkuu alimsifu mbele ya wazazi. Shemeji, aliyekuja kusaidia kubeba, aliendelea kukusanya vifaa.

"Hakusema wazo ni lake. Hilo nalo liliniuma," anasema.

Tangu hapo, kila Alhamisi wanakaguliana michoro, leo kwake, wiki ijayo kwa shemeji. Mama Cheche anataka kuwavuta mafundi wengine watatu wa mtaa huo wajiunge nao.

Na wivu je?

"Upo palepale. Mwakani nataka nimpite," anajibu, akipangusa chaki magotini. "Ila nimpite akiwa amenikosoa kila geti."