Salamu Maria Tatu kwa Picha ya Bibi

Harufu ya mafuta ya mbarika ndiyo inayonirudisha kule hadi leo. Nikipita sokoni nikaisikia kwenye meza ya muuza dawa za kienyeji, macho yananitafutia mlango. Kwa miezi mitatu na siku kadhaa nilipakwa mafuta hayo asubuhi na jioni, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yangu, juu kwenye miteremko ya Uluguru, mahali ambapo ukungu huingia mpaka kitandani. Nilikuwa mwali. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimevunja ungo, na kwa desturi yetu nikawekwa ndani. Mwali haonwi. Hatoki kuchota maji, haendi kanisani, haitikii akiitwa na mpita njia. Anakaa kivulini, anafundwa, anang'arishwa ngozi, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Siku hiyo aliyemlea ndani hutangulia mbele yake, ili kila mtu aone ametoka kwa mkono wa nani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo aliyeniweka ndani alikuwa Bibi, mama yake mama. Padri aliikemea desturi ile kila mwaka, na Bibi alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akarudi nyumbani kunipaka mafuta.

Niseme wazi kwamba nilikuchukia kule kukaa. Wapo wenzangu wanaousimulia uali wao kwa sauti tamu, kana kwamba walikuwa wamelazwa juu ya pamba. Mimi simo. Nilikuwa mtoto wa kukimbia, niliyezoea kushuka na kikapu cha kabichi mpaka mjini na kupanda tena siku hiyohiyo, na sasa dunia yangu yote ilikuwa hatua sita kwa nne. Alfajiri niliwasikia akina mama wakishuka na mboga zao, wakicheka, miguu ikiteleza kwenye utelezi wa mvua za vuli. Baadaye walipita watoto wa shule. Jumamosi balozi wa nyumba kumi aliita majina ya watu wa kwenda shamba la ujamaa, na alipofika kwenye jina langu, Skolastika, Bibi alijibu kwa sauti kavu, "Anaumwa." Balozi alijua fika ninaumwa nini, maana naye alikuwa na mabinti. Nilikuwa nikikaa sakafuni nikihesabu fito za dari, na nikimaliza naanza upya.

Kamera ilikuja kwa sababu ya woga wa Mjomba. Mjomba, mwana pekee wa kiume wa Bibi, alikuwa karani wa ghala kwenye shamba la mkonge huko chini tambarare, na Mgiriki aliyekuwa bosi wake alipofungasha kurudi kwao alimwachia kamera ya sanduku, nyeusi, nzito kama tofali. Nyumbani kwake Kihonda watoto wangeivunja siku ya kwanza. Akaona hakuna mahali salama kuliko chumba cha mwali, kwa kuwa hakuna anayeingia. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuniona, ingawa ni mjomba na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Basi alimpa Bibi kamera ailete ndani, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama chini ya migomba upande wa pili wa ukuta.

"Sikola, upo?"

"Nipo. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hicho kitu usikiogope. Kina mkanda ndani, picha kumi na mbili. Piga upendavyo, mradi usikifungue."

Ndivyo nilivyojifunza kupiga picha, kwa sauti iliyopenya ukuta wa udongo. Alinielekeza niishike usawa wa tumbo na nitazame kwa juu, kwenye kioo kidogo, ambamo kulia kuwa kushoto na kushoto kuwa kulia. Alinionyesha kwa maneno kidirisha chekundu cha nyuma ambapo namba ya picha hujitokeza ukizungusha. Shida ilikuwa giza. Alisema kwenye giza lazima kamera iwekwe juu ya kitu kisichotikisika na kitufe kishikiliwe kwa muda, nikamuuliza muda gani, na mimi saa sina. Alifikiri kidogo. Akasema karibu na dirisha nisali Salamu Maria moja, polepole, kama ya jioni nyumbani na si kama ya wenye njaa kanisani. Katikati ya chumba mbili. Kwenye moshi wa jikoni, tatu.

Kwa hiyo kinu kikawa kiti cha kamera, na alasiri Bibi akienda kisomo cha watu wazima mimi nilibaki na chumba changu. Sikuwa na mlima wala mto wa kupiga. Nilikuwa na vitu vyangu tu, vilevile nilivyovichoka. Nilipiga mwanga uliopenya pembeni ya mkeka wa dirishani. Nilipiga kanga ya mama iliyotundikwa kambani, ambayo Bibi hakuwahi kuifua tangu msiba. Nilipiga kuku aliyelalia mayai kwenye kona, na miguu yangu mwenyewe, na daftari la Bibi lenye jina lake, Veneranda, limeandikwa mara ishirini, kila herufi imeegemea nyingine. Kitu cha ajabu ni kwamba kadiri nilivyokitazama kile chumba kwenye kioo kidogo ndivyo kilivyozidi kuwa na mambo. Nilianza kungojea saa fulani mwanga ufike kwenye kanga. Bado nilikuwa nimefungwa, lakini sasa nilikuwa na shughuli.

Picha ya Bibi niliijaribu mara moja, jikoni, akipika. Nilikuwa kwenye Salamu Maria ya pili alipoinama kusonga ugali, kisha akawaka hasira, akaniuliza nani kanituma nimfanye kituko. Iliyobaki, ya kumi na mbili, nilijipiga mwenyewe. Nilikiegemeza ukutani kioo cha kujitazamia cha mama, nikaweka kamera juu ya kinu ikikielekea, nikasimama nyuma yake kifua wazi na shanga zangu za mwali shingoni, mwanga wa dirishani ukiniangukia upande mmoja. Nilitaka kujua tu kama bado nipo. Sikufikiri zaidi ya hapo, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Mjomba alipeleka mkanda mjini kusafishwa kwa mpiga picha mmoja karibu na soko. Wiki ileile ilifika barua kwamba nimechaguliwa kwenda sekondari na shule inafunguliwa Januari. Mjomba alinisomea kupitia ukutani, mara mbili. Bibi alinuia kunitoa wakati wa mavuno, lakini baada ya siku mbili za kununa alikubali kunitoa Jumapili inayofuata Noeli. Nililia kwa furaha mpaka nikapaliwa.

Sasa, wapiga picha wa mjini walikuwa na mtindo wa kutundika barazani, ndani ya sanduku la kioo, picha zilizowatokea vizuri. Mjomba alipokwenda kuchukua zake alinikuta pale nje, katikati ya bwana harusi na mtoto wa kipaimara, nikitazama barabara. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ni dada yake, mama yangu. Lakini aliyeniona hakuwa yeye peke yake. Wanawake wote wa mlimani wanaouza mboga hupita baraza ile. Mwali wa Veneranda alikuwa ameonwa na soko zima kabla ya kutolewa, na shanga zake juu.

Shangazi na mama wakubwa wa ukoo walikuja siku hiyohiyo. Niliwasikia chumba cha pili. Walisema uali umeharibika, hauna budi kuanza upya, mwaka mzima.  Walipoondoka Bibi aliingia na zile picha alizozileta Mjomba, akaketi kitandani, akazitazama moja moja. Tatu zilikuwa nyeusi tupu. Ile ya jikoni ilionyesha sufuria na mafiga vizuri kabisa, na mahali pake yeye palikuwa na ukungu mweupe. "Huyu ni nani?" akauliza. Nikamwambia ni yeye, alitikisika. Akafika kwenye nakala ya yangu. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye shavu, na nilijua si shavu langu analoligusa.

Kisha akasema, "Nipige na mimi. Itundikwe palepale, mbele ya yako. Wataona nimekutangulia. Nani atasema hukutolewa?"

 Kamera ilikuwa tupu. Mjomba alikuwa ameirudisha bila kitu, akasema kupitia ukutani kwamba mji mzima hauna mkanda, maduka yana rafu na vumbi tu. Bibi hakulijua hilo. Nami nilijua kwamba nikilisema, nitabaki humo mwaka mwingine, na shule itafunguliwa bila mimi. Nilinyamaza.

Alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe. Alikaa karibu na dirisha, akauondoa mkeka mwenyewe, mwanga ukaingia kwa wingi ambao sikuwahi kuuona mle ndani. Niliweka kamera juu ya kinu. Mwanga ule ulitosha Salamu Maria moja, lakini Bibi alisema, "Tatu, nisiwe moshi tena." Nikabonyeza kitufe, tukasali pamoja, yeye bila kuchezesha midomo. Nyuma ya ukuta nilimsikia Mjomba akikohoa mara moja.  Bibi hakutikisa hata kope.

Alipomaliza alirarua kipande cha karatasi kwenye daftari lake la kisomo, akaandika Veneranda, taratibu, ulimi umetoka pembeni, akanipa nikibandike nyuma ya picha ikija. Jumapili alinitoa. Alinitangulia mbele ya kijiji kizima, na walipomuuliza kwa haki gani, alijibu kwamba picha yake iko mjini inasafishwa.

Nimekuwa na kamera nyingi tangu wakati huo, na sasa nina simu ambayo wajukuu wameijaza nyuso zao mpaka inagoma. Wanapiga, wanafuta, wanapiga tena kabla sijamaliza kusema nilikuwa sijajiweka sawa. Hakuna mwali ndani, na milango yote ya nyumba yangu huwa wazi, tabia ambayo inawaudhi wakati wa baridi. Nimepata shule, kazi, na maisha ambayo kule kubonyeza kitufe kulinipatia. Katika picha elfu kadhaa zilizomo simuni humu hakuna hata moja ya Bibi, kwa sababu hakukubali kupigwa tena.

Aliniuliza nilipokuja likizo ya kwanza. Alikuwa akipembua mchele, hakuinua uso. "Ile picha haikutoka? Nilitikisika?"

Nikamjibu, "Kidogo, Bibi."

Akasema basi kosa ni lake, akaendelea kupembua. Kile kipande cha karatasi bado ninacho.