Kofia ya Nusu Jani

Skuli mimi niliishia kitabu cha pili, lakini sindano naijua. Miaka ya hamsini inakwisha, kwetu Mgogoni, mimi na dada yangu tukishona kofia za viua, zile za kudarizi kwa mkono. Msimu wa karafuu vidole huwa vyeusi, basi kabla ya kugusa bafta, kitambaa cheupe cha kofia, tuoshe kwa ndimu, na mama atunuse kimoja kimoja. Hilo nalikumbuka kuliko mengi ya chuo cha Kurani, Mungu anisamehe.

Siku moja dada karudi kutoka Wete na uzi wa hariri uliofungwa kwa karatasi ya kitabu. Karatasini mna picha ya kizibao cha Mfaransa wa zamani, wa enzi za wafalme wao, maua kutoka shingoni mpaka chini. Mwenye duka ndiye aliyemwambia hivyo. Bibi akaitazama, akasema, "Mwanamme kavaa bustani," akarudi kukuna nazi yake.

Sisi tulitazama majani. Yalivuka mshono, nusu huku, nusu kule, yakikutana hujui pameungwa wapi. Dada akachora vivyo hivyo kwenye kofia ya baba: nusu kwenye ukanda wa kuzunguka kichwa, nusu kwenye duara la juu.

Hatujamaliza, akaolewa Tanga. Duara akaondoka nalo, alishone huko, alilete Idi. Ukanda ukabaki kwangu. Bandarini hatukulia, tulikuwa tukigombea uzi wa kijani.

Idi ya kwanza hakuja. Ya pili zikaja salamu na kanga ya mama. Ya tatu baba akaniita.

"Shona duara jengine, mwanangu. Kichwa changu kinazeeka."

Nikashona kwa hasira, jeupe tupu. Majani ya ukanda yakakatikia mshononi kama yaliyoliwa na panzi. Msikitini wenziwe wakamuuliza, fundi wako alisinzia?

"Nusu ya pili iko Tanga," baba akawajibu.

Akaivaa miaka mingi, mpaka tukamzika. Dada naye alikufa huko huko. Binti yake ndiye aliyeniletea duara, limeshonwa lote, halijapata kufuliwa. Nikaifumua kofia, nikaliweka juu ya ukanda. Wapi! Ukanda umefuliwa mpaka umesinyaa, duara bado kubwa, majani yanapishana.

Basi nalifua. Kila Ijumaa nalifua, nalianika, nalipima. Juzi jani moja limekutana na nusu yake.