Kaburi la Tisa Kwenye Barabara ya Kizingitini

Saa mbili asubuhi, jua tayari kali, Mourine Wafula anagonga ardhi mara tatu kwa mgongo wa ndoo ya katapila lake. Anazima injini, anafungua mlango na kutega sikio. Vibarua nyuma yake wamenyamaza kama watu wa msibani.

"Ardhi ngumu hulia du," anasema. "Iliyo wazi ndani hukujibu."

Mourine, 34, ni mzaliwa wa Kimilili na dereva wa mitambo mizito kwa miaka kumi. Amechimba barabara Turkana na Kitui kwa shilingi elfu mbili mia tano kwa siku, na anasema hakuwahi kuogopa udongo. Hofu ilimpata hapa kisiwani Pate, nje ya Kizingitini, kwa kosa ambalo mtu wa bara yeyote angelifanya.

Wapima barabara hufunga utepe mwekundu kwenye vijiti kuonyesha pa kuchimba. Jua na chumvi ya Pate huutafuna utepe huo, ukawa mweupe ndani ya wiki mbili. Februari, Mourine alifuata vitambaa vyeupe kichakani akidhani ni vya wapima. Kumbe vilikuwa vya kuonyesha makaburi.

"Ndoo ilizama yenyewe," anakumbuka. "Kukatoka hewa baridi, inanukia udi. Injini ikazimika. Aki, nikasikia mtu akishusha pumzi, na nilikuwa peke yangu."

Cheka ukitaka. Mwandishi huyu alicheka, hadi alipofikishwa pale akajikuta ananyata.

Kaburi lilifukiwa upya kwa dua. Bi Zamzam, 61, ambaye waliozikwa hapo ni jamaa zake, hakumlaumu. Alimpa neno zito kuliko lawama: makaburi ni tisa, na yanayojulikana ni manane.

"Wa tisa hatumuyui alipo," anasema Bi Zamzam kwa lahaja ya kisiwani, ambako njia ni ndia na juu ni yuu. "Ndia na ipite, mwanangu. Lakini isimpite yuu."

Mkandarasi amempa Mourine hadi kesho, Ijumaa, kumaliza kipande cha mwisho. Akishindwa, ataletwa dereva mwingine, Mugambi, na buldoza lake, naye hana subira ya kugonga. Kufikia adhuhuri Mourine amekigonga kipande chote, akimtafuta wa tisa. Kila mahali, du.

Bi Zamzam, aliyekuja kutazama, anauliza swali moja tu.

"Na hapo unapolilaza hilo dude lako?"

Mourine anapanda tena kwenye mtambo. Analiondoa katapila mahali anapoliegesha kila siku, kwenye njia ya barabara yenyewe, analigeuza, kisha anagonga pale pale. Mara moja inatosha. Sauti inapanda kutoka chini, ya polepole, ndefu, kana kwamba mtu ameitika kutoka chumba cha pili.

Mourine anashuka, anavua helmeti, na machozi yanamtoka mbele ya wanaume wote.

"Miezi mitano," anasema. "Kila jioni nampandishia mtu tani ishirini kifuani, halafu mimi ndiye nalalamika sipati usingizi."

Kwa simu, mhandisi wa barabara amekubali kuipinda barabara mita nne. Mourine ameomba aichimbe kona hiyo mwenyewe kesho, kabla ya swala ya Ijumaa, na Mugambi abaki huko huko bara. Ana mabinti wawili Kimilili ambao hawajawahi kuiona kazi yake, na anapanga kuwaleta Desemba.

"Watauliza kwa nini barabara imepinda na hakuna kilima," anasema. "Nitawaambia, hapa tulimpisha mtu."