Habari Chini ya Mfuko

Kwenye kiwanda chetu cha mashati kuongea kulikuwa marufuku. Si kupunguza sauti, ni marufuku kabisa! Neno moja, unakatwa mshahara wa siku. La pili, geti unalijua. Amri ya msimamizi, ambaye tulimbatiza Mnoko, na jina likamkaa. Sasa niambie, wanawake arobaini na midomo yetu tukae kimya kutwa nzima? Thubutu!

Tuliandika. Mkata vitambaa anaanza kwa chaki upande wa ndani wa shati, shati linapita cherehani hadi cherehani, kila mtu anachomeka lake, mwisho linafika kwa mpiga pasi. Huyo anasoma yote, anapangusa kwa kitambaa kibichi, anapiga pasi, ushahidi kwisha. Mpiga pasi alikuwa shangazi yangu. Hakuna aliyejua mambo ya watu kama yeye, na hakuna aliyeumia zaidi kwa kutoyasema.

Siku hiyo hakuwa na raha. Binti yake alikuwa leba tangu jana, na uzazi wa kwanza nusura umwondoe. Shangazi aliomba ruhusa. Mnoko akamjibu, "Kwani wewe ndiye unayezaa?" Basi akabaki na pasi yake, macho getini.

Saa tano mlinzi akapokea simu kutoka hospitali. Akaingia ndani akazunguka meza ya mkata vitambaa, eti anatafuta kofia yake, na kofia iko kichwani. Punde kipande cha mgongo kikanifikia mimi, fundi mifuko: "Mtoto wa kike! Kilo tatu na nusu!" Jamani, nilitaka kuruka. Nikashika kipande cha kifua. Yule mkata vitambaa, kwa kiwewe, alikuwa ameandika nje, peupe, herufi zinang'aa kama za bango, pale pale pa mfuko. Nikawahi kusoma "Mama" tu, viatu vya Mnoko hivi hapa. Nikabandika mfuko juu yake, nikashona mbio mbio. Akasimama nyuma yangu mpaka shati likaondoka.

Mama nini? Mama mzima? Mama hayupo? Nilitamani kujizaba kofi.

Wenzangu wa mbele wakaona habari za mtoto tu, wakapagawa. Fundi kola: "Apewe jina langu." Fundi mikono: "Lako la kizee, apewe langu." Fundi vifungo: "Pua asichukue ya baba yake, tafadhali." Na mmoja mwenye kiherehere, kwenye pindo: "Mnoko asijue!"

Shati likamfikia Shangazi. Akaligeuza, akasoma, akaziba mdomo kwa kiganja asicheke. Kisha kicheko kikaisha. Akaligeuza tena. Akatafuta mikononi, kolani, pindoni, na mimi nilijua anatafuta nini. Alipoinua macho nikajigonga kifuani mara mbili, hapa, penye mfuko. Akanielewa. Akaung'oa kwa meno, shati jipya, Mnoko anaangalia.

"Mama mzima. Anauliza mama yake yuko wapi."

Kilichomtoka ni kigelegele. Cherehani ya jirani ikakidaka, ya pili, ya tatu, ukumbi mzima, mpaka bati likatetemeka.

"Nani ameongea?" Mnoko akafoka.

Na kweli, hakuna aliyeongea. Akanyakua shati, akasoma mpaka kwenye pindo.

"Mnoko ni nani?"

Siku hiyo tulitii amri kuliko siku zote, tumeng'ata midomo, machozi yanatutoka. Shangazi akachomoa waya wa pasi, akavua aproni.

"Ni wewe, baba," akasema kwa upole. "Na mimi ni bibi. Kwaheri."

Akatoka. Hakuna cherehani iliyolia, kwa hiyo tulimsikia vizuri getini, amemshika mkono mlinzi yule yule aliyeleta habari.

"Kaka weee, umesikia? Nimepata mjukuu!"

"Acha wewe!" mlinzi akashtuka. "Wa kike au wa kiume?"