Siku Loice Alipowauliza Wakubwa Umri

Nitawaambia mimi vile ilivyokuwa, kwa sababu Collins, mhudumu mwenzetu, anaisimulia vibaya. Collins anasema yeye ndiye aliyempa Loice moyo wa kuongea. Mwongo mkubwa! Siku hiyo Collins alikuwa amebanwa na ukuta kama sisi wengine, na mimi Phyllis Cherotich nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimwona kwa macho haya.

Loice ni mtu wa Kimilili, Bungoma. Ana miaka thelathini na sita, mfupi, hana haraka, na ukikosea anakutazama tu hadi unatamani akutukane yaishe. Kabla ya kuja Doha alikuwa kiongozi wa akina mama wa kuandaa chakula kwenye matanga na harusi za kwao. Watu mia sita, sufuria kumi na mbili, mvua inanyesha, na hakuna mkwe hata mmoja aliyewahi kurudi kwake akilalamika kwamba alisahaulika. Hiyo ndiyo shule aliyosoma. Hapa hotelini alianza kwa kukunja vitambaa vya meza, miaka saba iliyopita. Siku hizi yeye ndiye anayetuongoza wahudumu wa ukumbi, ingawa kwenye karatasi bado ni mhudumu wa kawaida kama mimi.

Mudir wetu, bosi wa karamu zote, alikuwa Herbert, Mganda wa Masaka. Alikuwa anarudi kwao mwisho wa mwezi, na nafasi yake Loice aliitaka. Msidhani ni tamaa ya kiti. Loice ana binti, Chelsea, wa miaka tisa. Alimwacha kwa nyanya yake akiwa wa miaka miwili. Sisi wahudumu hatuwezi kupata visa ya kuleta mtoto Qatar; mudir anaweza. Ni hayo tu. Kila asubuhi kwenye basi la kutoka Muaither tunakolala, Chelsea anatokea kwenye simu na sweta yake ya shule, anauliza, "Mama, bado?" Basi zima linanyamaza, hata Wanepali ambao hawasikii Kiswahili.

Ndipo ukaja mkutano wa bahari.

Ni ile bahari ya huko Asia ambayo kila mtu anasema ni yake. Mchina ana mstari wake kwenye ramani, Mfilipino ana wake, Mvietnam wake, Mmalaysia wake, na Mmarekani, ambaye kwao ni ng'ambo nyingine kabisa, anapitisha manowari katikati akisema hapo ni njia ya wote. Meli zinarushiana maji kwa mabomba hadi vioo vinapasuka. Kisa, miamba! Mingine maji yakijaa huioni. Nilipoelezwa nilicheka sana. Halafu nikakumbuka shamba la babu yangu Kericho, na ule mpaka wa mistari miwili ya majani chai uliowafanya wajomba zangu wasisalimiane tangu niko darasa la pili. Nikaacha kucheka.

Wageni walikuwa kumi, wazee wastaafu watupu. Hawakuwa serikali, lakini wakipiga simu serikalini simu inapokelewa. Waliletwa Doha waongee kimyakimya siku tatu, waone kama wataafikiana angalau jambo moja. Na pamoja nao akaja dada wa itifaki, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, na masharti yake. Meza iwe ya duara. Mhudumu asizungumze na mgeni. Bahari ile isitajwe kwa jina lolote, hata jikoni, kwa maana kila nchi ina jina lake. Na la mwisho, ambalo alilirudia mara tatu: asihudumiwe mtu kabla ya mwingine. Mabakuli kumi yatue mezani kwa sekunde moja, kusiwe na nchi ya kwanza wala nchi ya mwisho.

Herbert akatukusanya. "Wenye hoteli wameniambia hivi. Malalamiko mawili kutoka kwa mkutano huu, na nafasi yangu inatangazwa nje, hapewi mtu wa hapa." Alisema akimtazama Loice.

Loice alitufundisha siku mbili katika ukumbi mtupu, wahudumu kumi na mabakuli kumi ya maji. Hakuhesabu kwa sauti. Alisimama ukutani mahali ambapo sote tunamwona, akainua kidevu: tunasogea. Akishusha: tunaweka. Tulirudia hadi mikono ikafa ganzi. Mara ya mia na kitu mabakuli yaligonga meza kwa sauti moja tu, tap! Scovia, mwenzetu kutoka Uganda, akapiga vigelegele.

Sasa sikieni nilivyoharibu.

Siku ya kwanza, chakula cha mchana, nilikuwa nyuma ya mzee Mfilipino. Kiyoyozi kilikuwa kinatuma baridi ya kuua, na mzee wa watu anakohoa, mikono inatetemeka juu ya kitambaa. Nina supu ya moto mkononi. Jamani, mimi nimelelewa Kericho! Kwetu ukipita mbele ya mzee na chakula ukampa mwingine, jioni utaelezwa wewe ni mtoto wa nani. Mikono yangu haikungoja kidevu cha Loice. Nikamwekea mzee supu yake, nikamwambia, "Pole, babu," na ndipo nikaona ukumbi mzima umeganda.

Kapteni Mchina akakunja kitambaa chake akakiweka mezani. Admirali Mmarekani akamtazama Kapteni, akakunja chake pia, kwa maana hangekubali kuonekana hajakasirika sawasawa. Wengine wakafuata. Mabakuli kumi yalirudi jikoni yamejaa. Dada wa itifaki akaandika malalamiko ya kwanza kabla sijafika mlangoni.

"Huyu atoke ukumbini," Herbert alisema.

"Hatoki," Loice akajibu. "Nikimtoa mmoja sina kumi. Akikosea tena, nitajibu mimi."

Nilimfuata hadi choo cha wafanyakazi nikilia kama mtoto. Nikamwuliza ana wazimu gani, kwa nini anaweka kichwa chake kwa ajili yangu, Chelsea je? Akanipa karatasi ya kupangusa pua. "Phyllis, osha uso. Hatujamaliza, kuna wali." Nilimpenda na nikamkasirikia kwa pamoja.

Siku ya pili tulihudumu bila kasoro, lakini wazee wenyewe walikuwa moto. Walitupiana maneno juu ya mwamba mmoja, nani alivua hapo kwanza, babu wa nani alizama hapo. Collins alitoka na sahani za matunda ambazo hazijaguswa, akasema hao wataondoka vile walivyokuja.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na supu ya kuku na tangawizi. Tukaingia. Kidevu juu, tukasogea. Kidevu chini. Tap! Sauti moja, safi, ya kumi sawasawa! Nusura niruke. Nilimwona hata yule dada wa itifaki akipumua. Nikasema moyoni, khalas, tumemaliza, Chelsea anakuja.

Hakuna aliyekula.

Nawaambia kweli tupu. Wazee kumi, mabakuli kumi, na hakuna mkono uliogusa kijiko. Kapteni anamtazama Admirali. Admirali anatazama kijiko cha Kapteni. Mzee Mfilipino anawatazama wote wawili. Baada ya kisa cha siku ya kwanza na ugomvi wa siku ya pili hakuna aliyetaka kuonekana amekuwa mbele, na hakuna aliyetaka kuonekana amemngoja mwenzake kwa adabu. Tulikuwa tumewagawia supu kwa usawa hadi hawawezi kuila! Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Mvuke ukaanza kupungua. Kitambo kidogo wangekunja vitambaa tena, na hapo hakuna haja ya kuuliza lawama ingemwangukia nani.

Loice akatoka ukutani.

Woi! Nilitaka kumshika sketi. Mhudumu asizungumze na mgeni, tumeambiwa, tumeandikiwa, tumetia saini! Akaenda hadi mezani, akafumbata mikono mbele ya aproni, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Samahanini wazee wangu. Kwetu chakula hakianzi mpaka aanze mwenye umri mkubwa. Naomba kujua, hapa mkubwa ni nani?"

Dada wa itifaki akachomoa kalamu mfukoni.

Admirali ndiye aliyejibu kwanza, mgongo umenyooka. "Themanini na moja."

Kapteni akavua miwani. "Themanini na mbili."

"Kwa hesabu ipi? Ya kwenu, ya kuanzia tumboni?" Admirali akauliza.

"Toa mwaka mmoja ukitaka, tuwe tumezaliwa mwaka mmoja," Kapteni akasema. "Wewe ulizaliwa mwezi gani?"

"Novemba."

"Mimi Machi. Bado ni mkubwa wako."

"Themanini na tatu!" mzee Mfilipino akadakia, kikohozi chote kimekwisha. "Na hii ni bila kuhesabu tumbo la mtu!"

Basi ikawa vurugu tupu. Mmoja anasema haamini, mwingine anasema lete pasipoti. Na pasipoti zikatoka kweli! Wazee waliokataa siku tatu kuonyeshana karatasi yoyote sasa wanapitishiana pasipoti juu ya supu, wanaangalia picha, wanachekana vipara. Mmalaysia, wa miaka sabini na mbili, akalalamika kwamba amegeuzwa mtoto wa meza. Scovia alikuwa amejiziba mdomo kwa trei.

Halafu Profesa Mvietnam akagonga meza kwa kidole.

Huyu mama alikuwa mtaalamu wa ramani, mdogo wa mwili, nywele nyeusi tititi, haongei sana. Sote tulimkadiria miaka sitini na tano. Akasukuma pasipoti yake katikati. Mfilipino akaiokota, akaisoma, akaisoma tena.

"Themanini na saba!"

Ukumbi ulilipuka. Kapteni alisimama akainama kabisa. Admirali alisema, "Lakini nywele zako, mama!"

"Rangi," Profesa akasema. "Kila mwezi chupa moja. Na nilikuwa sina nia ya kumwambia mtu." Akachukua kijiko, akaonja, sote tumeshikilia pumzi. "Imepoa," akasema.

Lo! Wazee walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Loice akatugeukia. Hakuinua kidevu. Alisema kwa Kiswahili, waziwazi, "Leteni ya moto. Kwa umri." Tulikimbia jikoni tukigongana. Tukaanza kwa Profesa, tukaja kwa Mfilipino, na Mmalaysia wa watu akapata yake ya mwisho akituambia tumpe na kipande cha ziada kwa sababu bado anakua. Walikaa pale hadi saa kumi. Waliongea, na mara mbili niliwasikia wakibishana tena kuhusu ule mwamba, lakini walibishana huku wanapitishiana chumvi.

Hawakuafikiana. Msidhani nitawadanganya. Jioni waliondoka kwenda uwanja wa ndege na bahari ikabaki vile vile.

Na dada wa itifaki akaandika malalamiko ya pili.

Asubuhi Herbert alimwita Loice ofisini, pale kando ya chumba cha barafu. Mimi sikuitwa, nikaingia. Loice alikaa juu ya kreti ya soda, mikono mapajani. Herbert akasoma: mhudumu amezungumza na wageni bila idhini, amewauliza mambo ya binafsi, amehudumia kwa mpangilio usioruhusiwa. Akaweka karatasi chini. "Yamekuwa mawili, Loice."

"Najua, mudir."

Nililipuka. Nilimwambia Herbert maneno ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia hao wazee wangefia pale mbele ya supu! Kama kuna wa kufukuzwa ni mimi niliyeanza yote. Hana haya, yeye pia aliwahi kuacha watoto Masaka na anajua uchungu wake! Nililia, nikapiga kabati teke, likabonyea, bado limebonyea hadi leo.

"Phyllis," Herbert akasema. "Nyamaza. Sijamaliza."

Akatoa karatasi nyingine. Alisema waandaaji wa mkutano waliituma kwa wenye hoteli jana usiku kutoka uwanja wa ndege. Siku tatu wazee wale walishindwa kuandika tamko la pamoja. Walishindwa hata kukubaliana waiite nini ile bahari. Waraka ambao wote kumi walitia saini ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa huu: wanaomba kukutana tena mwezi wa Machi, hapa hapa, na ukumbi uongozwe na yule mama aliyewauliza umri.

Loice akaipokea. Niliinama juu ya bega lake. Saini zilikuwa zimepangwa kwa umri. Profesa juu kabisa, mwandiko wake mdogo. Kisha Mfilipino. Kisha Kapteni, na chini yake, bila nafasi katikati, Admirali. Mmalaysia wa mwisho.

"Wenye hoteli wameisoma," Herbert akasema. "Wanauliza utaanza lini."

Mimi nilipiga kelele hadi wapishi wakaja mlangoni. Scovia akaja na vigelegele vyake, Collins akaja akisema, "Si nilimwambia aongee!" Loice alitoa simu, akapiga Kimilili, akaziba sikio la pili kwa kidole. "Mama, Chelsea ameshaenda shule? Basi kesho asiende. Mpeleke Eldoret, akachukue pasipoti."

Nyanya akauliza ni nani huyo anayepiga mayowe.

"Ni Phyllis," Loice akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.